Mikono ya Mtoto Ndiyo Kalamu Yake ya Kwanza

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa Meru na Embu



Wako wazazi ambao hufika shuleni wakamkuta mtoto wa Gredi ya Kwanza ameketi chini, akihesabu vijiti au akifinyanga udongo, nao husema moyoni, "Mtoto ameletwa kusoma, mbona anacheza?" Swali hilo ni la haki, kwa maana mzazi ametoa jasho lake ili mtoto aelimike. Basi yafaa lijibiwe vizuri.

Mathalan, mwalimu ameandika ubaoni: 23 toa 7. Mtoto mdogo hutazama 3 na 7, akaona kwamba 7 haitoki katika 3, kisha hukwama au hukisia. Lakini mpe vijiti. Vijiti kumi hufungwa kwa ukambaa wa mgomba vikawa fungu moja. Kwa hiyo 23 ni mafungu mawili na vijiti vitatu. Mtoto hufungua fungu moja, akawa na vijiti kumi na vitatu mkononi. Huondoa saba, hubaki sita, na fungu moja lingali limefungwa. Jibu ni 16, naye amejua kwa nini ni 16. Aliyekariri jibu tu, kesho huenda akalisahau. Bali aliyefungua fungu kwa vidole vyake anayo njia ya kulitafuta tena.

Mafundisho ya namna hii si mageni nchini Kenya. Mwaka 1957 Idara ya Elimu ilianzisha Nairobi kituo maalumu cha kutengeneza mafundisho mapya ya madarasa ya chini. Watoto waliacha kukaa kwa safu, wakakaa kwa makundi, wakafanya kazi za mikono na mazoezi mengi. Na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Mpango huo ulienea upesi mno katika miaka ya 1960, kuliko idadi ya walimu waliofundishwa kuutumia, na kuliko vifaa vilivyokuwapo. Kwa hiyo mahali pengi ulififia. Hapo pana funzo kubwa: vijiti na udongo havimfundishi mtoto peke yake. Hapana budi awepo mwalimu aliyejitayarisha, anayejua kila kitu kimeletwa darasani kwa shabaha gani.

Tangu Januari 2019 shule za Kenya zimefuata mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini. Mtaala huo wataka mtoto aweze kutenda jambo, wala si kulitaja tu. Wataka pia kwamba katika miaka ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi, kama vile Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na mijini penye watu wa makabila mengi, Kiswahili. Faida yake ni dhahiri, kwani mtoto hawezi kuuliza swali la maana juu ya mbegu aliyoishika iwapo hana maneno ya kuulizia.

Wazazi wengine hulalamika kwamba elimu hii ni ya gharama: leo karatasi za rangi, kesho picha za kuchapwa dukani. Malalamiko hayo yana msingi. Mtoto akikosa kitu alichoagizwa, huona haya, na pengine hubaki nyumbani. Lakini vifaa bora havitoki dukani. Sehemu za juu, penye chai na kahawa, kuna majani ya migomba, udongo wa mfinyanzi na maharagwe. Sehemu za chini za Mbeere kuna mtama, kunde, pojo na vibuyu. Mbegu mbili za maharagwe na makopo mawili yatosha kwa somo zima: kopo moja liwekwe dirishani, la pili lifunikwe kwa sanduku. Baada ya siku kadhaa mche uliofichwa huwa mrefu, mwembamba, wenye rangi hafifu ya manjano. Naye mtoto huona kwa macho yake kazi ya mwanga.

Tahadhari moja isisahauliwe. Makopo yaliyotiwa dawa ya kunyunyizia kahawa, na chupa za dawa za hospitali, zisipelekwe shuleni kamwe, hata zikioshwa. Tena watoto wadogo waangaliwe wasitie mbegu puani wala masikioni.

Jambo jingine: kazi ya mtoto ifanywe na mtoto. Mzazi anayeketi usiku kumsukia mwanawe kikapu kizuri humnyima somo. Kikapu kilichopinda cha mtoto kina thamani kuliko kilichonyooka cha mama yake, kwa sababu mwalimu akikitazama hujua mtoto amefika wapi.

Sasa juu ya sherehe. Watu wa sehemu hizi wanazijua sherehe: Sikukuu ya Madaraka ya kitaifa ilifanyika Kinoru, Meru, mwaka 2018, na Embu mwaka 2023. Darasani pia sherehe ina maana. Lakini siku hizi mahali pengi watoto wa shule za awali huagizwa majoho na kofia za kukodi, keki na picha, kana kwamba wamemaliza chuo kikuu. Asiye na fedha humficha mtoto wake siku hiyo. Sherehe inayomfanya mtoto mmoja abaki nyumbani imepoteza shabaha yake.

Siku ya kufunga shule yaweza kupendeza bila gharama hiyo. Mtoto asimame mbele ya nyanya yake, afungue fungu la vijiti na kutoa hesabu. Mwingine aonyeshe miche yake miwili na kueleza tofauti. Kisha ngoma zipigwe, watoto wacheze na kuimba kwa lugha ya kwao, na uji unywewe na wote. Nyanya asiyejua kusoma naye ataweza kupima maendeleo ya mjukuu wake, kwa kuwa atayaona.

Mwisho, wazazi wakumbuke njia ya kufuata. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya awali imo mikononi mwa serikali za kaunti, na shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Taifa. Katiba hiyo yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Basi mzazi anayeona michango ya sherehe imezidi asinung'unike nyumbani. Ahudhurie mkutano wa wazazi, aulize kwa heshima: fedha hizi zitamsaidia mtoto kujua nini? Likikosekana jibu, mchango huo uachwe, na mtoto aende shuleni na vijiti vyake.