Kama Mwezi Ungetoweka

Swali letu la leo ni hili: kama mwezi ungetoweka usiku huu, usionekane tena kabisa, sisi tungepatwa na nini?

Wako wanaodhani kwamba dunia ingeanguka. Isingeanguka. Kinachoishika dunia katika njia yake ni jua, wala si mwezi. Asubuhi jogoo angewika, jua lingetoka, nawe ungekwenda kazini kama kawaida. Mtu wa bara pengine asingeona tofauti yo yote mchana ule. Lakini mtu wa pwani angeiona kabla ya siku kwisha.

Basi tuanze pwani. Mwezi uko mbali nasi kadiri ya kilomita 384,000. Ingawa ni mbali hivyo, una nguvu ya kuvuta maji ya bahari. Maji huinuka upande wa dunia unaoelekea mwezi, na huinuka upande wa nyuma pia. Hili la upande wa nyuma huwatatiza wengi. Sababu yake ni kwamba mwezi huivuta dunia yenyewe kwa nguvu zaidi kuliko maji yaliyo nyuma yake, nayo maji hayo huachwa nyuma kidogo. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupita katika maji yaliyoinuka mara mbili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila muda wa saa 24 na dakika 50 hivi.

Jua nalo huvuta maji, lakini kwa kuwa liko mbali mno, nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, tukapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta kwake, tukapata maji mafu.

Sasa ondoa mwezi. Jua limebaki peke yake. Maji yangejaa na kupwa bado, lakini kidogo tu, kama theluthi moja ya bamvua, na kila siku kwa saa zile zile.

Jambo hili si dogo kwa akina mama wa Paje na Jambiani, huko Unguja. Tangu mwaka 1989 kinalimwa kilimo cha mwani wa kuuza nchi za nje, na shamba lenyewe ni bahari. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana. Hapo akina mama huingia kwa miguu, hupiga vigingi, hufunga kamba, huvuna. Wengine huenda mwambani kuchokoa pweza. Bila mwezi, sehemu kubwa ya mahali pale pa kazi isingekauka kamwe, na sehemu ya juu isingefikiwa na maji kamwe. Mikoko huota mahali panapofunikwa na maji kisha pakaachwa. Ingebakiwa na ukanda mwembamba tu. Kaa na chaza wangepungukiwa na makao, na ndege wanaowala wangepungukiwa na chakula. Fikiri mwenyewe ni unga kiasi gani unaonunuliwa kwa fedha ya pweza na mwani.

Wewe uliye bara, usidhani hayakuhusu. Kwako lingekuja giza. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika labda wangefurahi, maana wao huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Kwao kila usiku ungekuwa wa kazi. (Kama dagaa wangevumilia kuvuliwa bila kupumzishwa, hilo ni swali jingine.)

Lakini simba naye angefurahi. Mwaka 2011 wataalamu walitoa habari za watu zaidi ya 1,000 walioshambuliwa na simba katika Tanzania tangu 1988 mpaka 2009. Katika mashambulio ambayo saa yake inajulikana, mengi yalitokea jioni, katika zile siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kutoka. Jua limetua, giza limeingia, na watu bado wako njiani au mashambani. Bila mwezi, jioni zote zingekuwa za giza namna hiyo.

Tena kuna hesabu ya siku. Kalenda ya ukutani ingebaki, lakini Waislamu hungoja mwezi uandame ndipo wafunge Ramadhani, na ndipo wale Idi. Wangetazama magharibi wasione kitu.

Liko na jambo kubwa, ila ni la polepole mno. Dunia haikusimama wima. Imeinama digrii 23 na nusu hivi, na kuinama huko ndiko kunakoleta majira. Mwezi huizuia isiyumbe sana. Mwaka 1993 Jacques Laskar wa Ufaransa na wenzake walipiga hesabu, wakaona kwamba bila mwezi dunia ingeweza kuinama hata digrii 85. Hesabu za baadaye zilionyesha kuyumba kudogo kuliko huko. Kwa vyo vyote, hata mjukuu wa mjukuu wako asingekuona.

Wala msiogope, mwezi hautoweki usiku huu. Unakwenda mbali nasi, ni kweli, lakini ni sentimita 3.8 tu kwa mwaka, kama kucha zako zinavyokua. Hupimwa kwa mwanga unaotupwa kwenye vioo, ambavyo vya kwanza viliachwa huko na Wamarekani mwaka 1969.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mwezi mpevu ukipita, andika saa ya mwezi kutoka kwa siku mbili zinazofuatana. Toa saa ya kwanza katika ya pili, uone kama utapata dakika karibu na 50. Aliye pwani aandike saa ya maji kujaa kwa siku hizo hizo, kisha mlinganishe hesabu zenu darasani. Kwaherini.