Bango la Dukani Halifuti Katiba

Msikilizaji, umenunua shati jipya, umelifua mara moja tu, rangi yote ikabaki kwenye beseni. Unalirudisha, muuzaji anakuonyesha bango ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Wengi wetu hunyamaza na kuondoka. Tusiondoke. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia kasoro inapomletea hasara. Bango haliwezi kuifuta haki hiyo. Ukibadili nia tu, hilo ni jambo jingine; lakini rangi iliyochujuka si kosa lako. Tunza risiti, piga picha, usilivae tena. Muuzaji akikataa, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1.