Taja Ulipo

(Mazungumzo ya mhitimu mmoja mbele ya wanafunzi na wahitimu wenzake, Nakapanya)



Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu nilisita kidogo. Mimi ni baharia, na hapa Nakapanya maji makubwa tunayoyajua ni ya Mto Ruvuma, nayo hayako mlangoni. Lakini kila msimu malori ya korosho hupita barabara hii yakielekea Masasi na Mtwara, na huko Mtwara korosho hupakiwa melini. Kwa hiyo bahari iko karibu na mifuko ya wazazi wenu kuliko mnavyodhani. Tena upande wa magharibi wa mkoa wetu kuna Ziwa Nyasa. Wako kati yenu watakaopangiwa kazi Mbamba Bay au Liuli, na watapanda boti watake wasitake.

Nitasema juu ya jambo moja tu: redio ya melini, na namna ya kuomba msaada kwa redio hiyo mtu anapokuwa hatarini.

Mwezi Januari 2014 nilikuwa zamu ya usiku katika meli ndogo ya mizigo. Tulitoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, kaskazi inatupiga usoni, tumeshaipita Kilwa na tunakaribia usawa wa kisiwa cha Songo Songo. Ilikuwa saa nane kasorobo. Redio ilikuwa wazi kwenye chaneli 16, kama inavyotakiwa kila chombo kisikilize. Mara ikalia sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili: "Tunazama! Jamani tunazama! Maji yameingia, tusaidieni!"

Nikashika kipaza sauti nikajibu: "Nani mwenzangu? Nani huyo anaita?"

Akajibu jina la mashua. Sikulishika vizuri kwa sababu ya upepo, nikamwomba alirudie. Akalirudia. Ndipo nikamwuliza, "Uko wapi?" Nikasikia mkwaruzo, kisha kimya. Nahodha wangu alikuwa ameshaamka. Aliita yeye mara kumi, mara ishirini. Hapakuwa na jibu.

Tulipeleka habari Dar es Salaam kwa niaba ya mashua ile. Kituo kiliitika upesi, na swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo ambalo mimi nililiuliza la tatu: wapi? Hatukuwa na la kusema. Tuligeuza meli, tukazunguka na taa kubwa mpaka kunapambazuka. Tuliona dumu moja la njano likielea, na dumu baharini si ushahidi wa kitu.

Sasa, kidato cha pili, nisaidieni hesabu. Redio hii hutumia mawimbi yanayokwenda karibu sawasawa na mstari ulionyooka, kwa hiyo haisikiki mbali sana kupita upeo wa macho. Kinachoongeza umbali ni urefu wa mlingoti. Baina ya mashua na meli ndogo kama yetu, tuchukue maili 15 za baharini. Pai mara 15 mara 15. Mnapata zaidi ya maili 700 za mraba. Hapo ndipo mtu yule alipokuwa, mahali fulani ndani ya duara hilo, usiku, na sisi taa yetu inamulika mita mia chache. Angetaja kisiwa kimoja tu, au taa moja aliyoiona, duara lile lingekuwa dogo kama uwanja huu wa mpira.

Msinielewe vibaya, simlaumu. Mtu aliye ndani ya maji hana utulivu wa kupanga maneno. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pakavu, tena nina cheti. Ndiyo sababu utaratibu wa mwito huu umewekwa ili ukaririwe wakati wa amani, kama mlivyokariri jedwali la kuzidisha. Unaanza na neno MAYDAY, linalotamkwa "meidei", mara tatu. Lilibuniwa mwaka 1923 katika kiwanja cha ndege cha Croydon, London, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie", na mwaka 1927 likakubaliwa kimataifa. Halafu jina la chombo. Halafu mahali. Halafu shida yenyewe, msaada unaoutaka, na idadi ya watu. Mfano:

"MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni Tausi, Tausi, Tausi. MAYDAY Tausi. Niko maili tano kaskazini ya mnara wa taa wa Ras Mkumbi, Mafia. Naingiza maji, nazama. Naomba msaada wa haraka. Tuko watu tisa. Ova."

Ukisema "ova" achia kifungo. Ukikibana huwezi kusikia jibu, na hata wengine watashindwa kusema. Redio za kisasa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza kwa sekunde chache, redio yenyewe hupeleka namba ya chombo, na kama imeunganishwa na kipimo cha setilaiti hupeleka na mahali ulipo. Ni kitu kizuri sana. Ila nimeona redio ghali ambazo waya huo haukuunganishwa tangu siku ya kununuliwa.

Mwalimu wetu wa redio alikuwa mzee aliyefanya kazi enzi za Morse. Ukutani kwake ilining'inia saa ya zamani ya chumba cha redio, yenye vipande vyekundu na vya kijani usoni. Vipande vyekundu vilikuwa dakika tatu baada ya robo na dakika tatu baada ya kasorobo. Vya kijani vilianza saa kamili na saa na nusu. Mshale ukiingia hapo, waendesha redio walinyamaza na kusikiliza: nyekundu kwa mawimbi ya Morse, kijani kwa mawimbi ya sauti, ili mnyonge mwenye redio dhaifu apate nafasi ya kusikika. Utaratibu mpya wa dunia ulipokamilika tarehe 1 Februari 1999, kazi ya kusikiliza ikaachiwa mitambo kwa sehemu kubwa, na saa zile zikawa za makumbusho. Mzee alikuwa akituambia habari za Titanic, mwaka 1912. Meli iitwayo Californian ilikuwa jirani kabisa, lakini mwendesha redio wake alikuwa amezima mtambo akalala. Aliyekuja kuokoa ni Carpathia, kutoka maili 58.

Kuhusu idadi ya watu, sina haja ya kwenda mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu wasiofika 700. Siku za kwanza vilitajwa vifo kama 200. Tume ilipomaliza kazi, mwezi Januari 2012, waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. MV Bukoba nayo ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa tofauti tofauti. Mwokoaji ambaye hajui watu ni wangapi hajui aache lini kutafuta. Mkipanda chombo, ulizeni kama majina yenu yameandikwa. Mtaonekana wasumbufu, kubalini.

Najua mtaniuliza habari za simu za mkononi. Ukiwa nayo na mtandao upo, itumie, wala usione haya. Lakini simu humfikia mtu mmoja uliyempigia, pengine mama yako aliyelala Tunduru, naye atafanya nini? Redio husikiwa na kila aliye karibu anayesikiliza, hata jahazi usilolijua. Na minara ya simu haijengwi majini.

Nimekuja na redio ya mkono. Betri nimeiacha nyumbani, kwa sababu kupeleka mwito wa hatari wa uongo ni kosa la jinai, na kwa sababu nawajua wanafunzi wa shule hii, nilikuwa mmoja wao. Itapita mkono kwa mkono, na kila mmoja atasema mwito mzima, kuanzia mstari wa nyuma.

Haya, wewe mwenye sweta, simama. Mashua ni Tausi, ni usiku, maji yamefika magotini. Bana kifungo. Mimi ni meli iliyo jirani, na safari hii nakuuliza kama inavyopasa: uko wapi?