Namna ya kuondoa doa la kahawa bila kuumiza mtu

Mazungumzo na wamama wa kliniki, Kindu



Leo sitasema juu ya homa wala juu ya chanjo. Nitasema juu ya kitu kidogo: doa la kahawa. Naona wengine wanacheka. Mtu ataniambia: "Mama, tumetoka Alunguli, tumevuka mto kwa mtumbwi, mutoto mgongoni, na wewe unatufundisha kufua?" Ngojeni kidogo.

Katika nyumba nyingi hapa kwetu watu hunywa kahawa asubuhi kabla ya kazi. Inamwagika juu ya kikwembe, juu ya shati ya bwana, juu ya meza. Inabaki ndani ya vikombe. Inashika meno. Na kila mama ana dawa yake ya kuiondoa. Moja ni nzuri, nyingine ni sumu. Basi, shikeni neno hili moja, na mkisahau mengine yote msisahau hili: doa la kahawa haliui mtu, lakini kitu tunachotumia kuliondoa kinaweza kuua mtoto.

Neno hili sikulisoma tu ndani ya kitabu. Nililijua nyumbani kwangu.

YALIYONIPATA

Mtoto wangu wa pili alikuwa na miaka miwili. Asubuhi moja kahawa ilimwagika kifuani pangu, juu ya nguo yangu nyeupe ya kazi. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na javeli nyumbani, ile tunayonunua kidogo kidogo sokoni, na nilikuwa nimeitia ndani ya chupa ya limonadi. Nikaloweka nguo, nikaacha chupa chini karibu na ndoo. Niligeuka kuanika nguo tu. Binti ya dada yangu akapiga kelele: "Mama mudogo, kuja! Mutoto amekunywa mayi ya mu chupa!"

Mtoto hakufa. Lakini midomo yake na kinywa chake vilivimba, na siku nyingi alilia kila tulipomletea chakula. Mimi mwalimu wa wauguzi, mimi niliyefundisha wengine juu ya sumu, nilitia sumu ndani ya chupa ambayo mtoto anajua kwamba ni ya kitu kitamu. Yeye hakukosa. Aliona limonadi. Nguo yangu ilikuwa nyeupe kweli siku ile, lakini sikuipenda tena.

Ndiyo sababu leo nasema nanyi juu ya kufua.

KWANZA MTAZAME MTOTO, KISHA NGUO

Kikombe cha kahawa kikianguka, sisi wamama tunatazama nini kwanza? Kitambaa cha meza! Hapana. Tazama mtoto. Kahawa iliyotoka motoni inaweza kuchoma ngozi ya mtoto hata kama imepita dakika 15, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko yako.

Ikiwa kahawa ya moto imemmwagikia, vua nguo iliyolowa, ila ile iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, usichoke. Usipake mafuta ya mawese, wala majivu, wala yai, wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, mlete hospitali. Doa la nguo litangoja.

NGUO NA VIKWEMBE

Kahawa ina rangi yenye kushika, kama ile ya majani ya chai. Doa likiwa bichi, rangi bado iko juu juu, nayo hutoka kwa urahisi. Likikauka, rangi inaingia ndani ya uzi. Na ukipiga pasi juu yake, umelifunga ndani kwa moto. Basi fanya hivi:

1. Usisugue. Ukisugua, unalipanua. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka kinywe kahawa yote inayoweza kutoka.

2. Geuza nguo, na umwage maji ya baridi upande wa nyuma, ili doa lirudi njia lilikopitia. Kama kahawa ilikuwa na maziwa, usianze na maji ya moto, kwa sababu moto hugandisha maziwa ndani ya uzi.

3. Tia sabuni, fua polepole kwa mikono, suuza. Doa likibaki, rudia mara ya pili na ya tatu.

4. Doa la zamani, loweka nguo ndani ya maji ya sabuni muda wa saa moja ao zaidi, kisha fua.

5. Nguo nyeupe ya pamba, kamulia ndimu juu ya doa, ianike juani kidogo, halafu suuza vizuri. Kwa kikwembe cha rangi, jaribu kwanza ndimu kwenye pindo, mahali pasipoonekana. Ndimu na jua vinaweza kupunguza rangi.

6. Usipige pasi mpaka umeona kwa macho yako kwamba doa limekwisha.

Na javeli je? Usiitie kabisa juu ya kikwembe cha rangi. Haichagui. Itakula rangi ya kahawa na rangi ya kikwembe pamoja. Ulikuwa na doa la kahawia, sasa una doa jeupe, na hilo halitoki mpaka kikwembe kimekuwa kitambaa cha kupangusia.

JAVELI IKO NZURI, JAVELI IKO MBAYA

Sisemi javeli itupwe. Jina lake lilitoka mahali panapoitwa Javel, huko Paris katika Ufaransa, ambako walianza kuitengeneza katika miaka ya 1780. Hata hospitalini tunaitumia, tukiichanganya na maji kwa kipimo, kuua vijidudu vya magonjwa. Lakini ni mtumishi mkali, lazima uitawale. Kuna sheria nne.

Sheria ya kwanza: chupa yake ni yake. Usiitie ndani ya chupa ya limonadi, ya bia, ya maji ya kunywa, wala ndani ya kikombe. Ukinunua kidogo sokoni, tafuta chombo ambacho hakuna mtu anayekinywea, kifunge sana, weka alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa, na kiweke juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti. Petroli pia, vilevile.

Sheria ya pili: usiichanganye. Nimewaambia ndimu ni nzuri kwa nguo nyeupe. Lakini ndimu na javeli pamoja ni hatari. Vikikutana, inatoka hewa ya klorini inayochoma macho na mapafu. Hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa vitani karibu na mji wa Ypres, katika Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari wengi. Siki pia hufanya vile. Na mkojo? Mkojo na javeli kali hutoa hewa nyingine mbaya. Basi chombo cha mkojo cha mtoto, mwaga kwanza, suuza kwa maji, ndipo utie javeli iliyochanganywa na maji. Na nguo uliyotia ndimu, isuuze sana kabla ya yote.

Sheria ya tatu: fanya kazi nje ao mahali penye kupita hewa. Usifungiwe ndani ya chumba na ndoo ya javeli, hasa ukiwa na mtoto mgongoni.

Sheria ya nne: ujue la kufanya ikiwa mtoto amekunywa. Usimtapishe. Usitie kidole kooni. Ile iliyochoma koo ikishuka, itachoma tena ikipanda. Usimpe mafuta ya mawese. Msukutue kinywa kwa maji safi. Kama anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo, usimlazimishe. Kisha kuja naye upesi hospitali, na chupa uilete, tuione. Usione haya. Usitudanganye. Hatutakugombeza. Ikiwa imeingia jichoni, fungua jicho na umwagie maji safi mengi muda wa dakika 15 ao 20, kisha uje.

VIKOMBE, TERMOSI NA MEZA

Hapa hakuna haja ya javeli hata kidogo. Kikombe kilichokuwa kahawia ndani, kisugue kwa kitambaa kilicholowa na chumvi kidogo ao majivu laini ya kuni yaliyochujwa. Kisha suuza sana. Wenye bikarbonate watumie hiyo.

Termosi haiingii mkono. Tia punje za mchele usiopikwa, kama kiganja kimoja, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Tikisa polepole, mwaga, suuza mpaka harufu ya sabuni imekwisha. Sisi watu wa Maniema mchele hatukosi. Huo unakwenda mahali mkono hauwezi kwenda.

Meza ya mbao, pangusa upesi kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha ikaushe. Usimwage maji mengi, yatafanya mbao ivimbe. Sakafu ya simenti inataka maji ya sabuni, burashi ngumu, na nguvu ya mikono. Huenda doa la zamani lisitoke lote. Acha. Nyumba yenye doa moja na watoto wazima ni nyumba nzuri.

MENO

Sasa tufike kwenye kinywa. Hapa nimeona mengi ya kusikitisha. Watu wanasugua meno na mchanga, na unga wa matofali, na makala yaliyopondwa, na ndimu, na hata javeli! Siku ya kwanza meno yanang'aa, unafurahi. Lakini jino lina ganda jeupe gumu la kulilinda, na ganda hilo likikwisha halioti tena. Mchanga na makala hulikwaruza. Ndimu hulilainisha. Baada ya muda jino linakuwa la manjano kuliko mwanzo, na maji ya baridi yanalichoma.

Rangi ya kahawa inashika juu ya ganda hilo tu. Iondoe kwa upole. Ukimaliza kahawa, sukutua kwa maji safi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja iwe usiku kabla ya kulala, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Mtoto mdogo chini ya miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje moja ya mchele. Usiye na mswaki wa duka, tafuna mti safi mpaka uwe laini kama burashi, usugue pasipo kuumiza fizi.

Kuna madoa ambayo si ya kahawa. Shimo jeusi katika jino la mtoto ni jino linalooza, na rafiki yake ni sukari. Ugumu wa kahawia chini ya fizi unataka daktari wa meno. Tena kuna doa lililo ndani ya jino lenyewe. Mama mwenye mimba, ao mtoto chini ya miaka 8, akimeza tetrasiklini, ile ya vidonge vinavyouzwa ovyo sokoni, meno ya mtoto yanaweza kuota yakiwa ya manjano ao ya kahawia. Doa hilo hakuna ndimu wala mswaki utakaoliondoa. Basi usinunue dawa pasipo kuambiwa na muuguzi ao daktari.

MASWALI YA KUULIZANA NJIANI

Mkirudi nyumbani, mama mmoja amwulize mwenzake:

1. Doa bichi la kahawa huanza kwa maji gani, ya moto ao ya baridi?
2. Vitu gani havichanganywi na javeli?
3. Mtoto akinywa javeli, tumtapishe?
4. Kwa nini tusisugue meno na makala?

Na swali la tano, kila mmoja ajiulize mwenyewe leo, kabla ya kuwasha moto wa jioni: javeli yangu iko ndani ya chupa gani, na chupa hiyo iko wapi? Usingoje kesho. Mimi nilikuwa na nia ya kuihamisha kesho.

Mwende vizuri, na wale wa ng'ambo mvuke salama.