Mkono Unaomtunza Mzee

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano wa Mwaka, Voi



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema juu ya utunzaji wa wazee wasiojiweza. Tangu zamani mzee wa Dawida, Sagalla au Kasigau alitunzwa nyumbani mwake na watoto na wajukuu. Leo vijana wengi wameteremka milimani kwenda Voi, Mombasa na Nairobi kutafuta riziki, na nyumba nyingi zimebaki na bibi mmoja na fimbo yake. Shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo Serikali huwapa wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, ni msaada mwema. Lakini fedha haziwezi kumgeuza mgonjwa kitandani wala kumchotea maji.

Ndiyo maana baadhi yetu wanauliza kama wakati umefika wa kuwa na nyumba ya wazee. Zanzibar wanazo Welezo na Sebleni. Nairobi iko Nyumba ya Wazee huko Kasarani. Mimi sipingi. Ila naomba, kabla hatujahesabu matofali na mabati, tuhesabu mikono.

Na tutwae mfano. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni na kiunoni akilala upande mmoja muda mrefu; kwa hiyo wauguzi hufundishwa kumgeuza kila baada ya muda wa saa 2 hivi. Tuseme wako wazee 10 wa namna hiyo, na kila mmoja, pamoja na kusafishwa na kubadilishiwa shuka, huchukua dakika 10. Hizo ni dakika 100 katika kila 120. Mtumishi aliye peke yake usiku atabakiwa na dakika 20 za kumnywesha huyu maji, kumpeleka yule chooni na kumtuliza anayelia. Akichelewa, kidonda kitaanza. Akiharakisha, atamshika mzee kama gunia. Tena kumwinua mtu mzima bila mwenzi humuumiza mgongo mwinuaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Asubuhi jamaa wakikiona kidonda watasema mtumishi hana huruma. Huenda ikawa kweli, na ukatili haufai kuvumiliwa. Lakini mara nyingi kosa lilitendwa mapema zaidi, siku ile wasimamizi walipoandika jina moja tu katika zamu ya usiku.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na Serikali. Kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na hali njema ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yaamuru siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Haki ya mzee na haki ya mtumishi hukaa chini ya paa moja.

Wala tusidhani kazi hii yamfaa yeyote aliyekosa nyingine. Uingereza, pamoja na utajiri wake, ilipungukiwa na watunzaji hata mwaka 2022 ikafungua njia ya kuwaajiri kutoka ng'ambo, njia iliyofungwa Julai 2025.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, mtumishi asiachwe peke yake usiku. Pili, apewe mkataba wa maandishi, mshahara kwa wakati wake, mafunzo, glavu na mapumziko. Tatu, wajumbe wetu wazuru bila kutoa habari mbele, wamsikilize mzee na mtumishi kila mmoja kwa faragha. Na mtumishi atakayefichua ubaya asifukuzwe.

Tukiona hatuwezi kuyatimiza haya, ni heri tusiifungue nyumba hiyo. Fedha hizo na ziwalipe watunzaji vijijini, wamfuate mzee pale pale alipo. Nyumba nzuri isiyo na mikono ya kutosha haitamheshimu mzee.