Kinyama cha Ufizi na Chupa ya Asali

Nimeonywa nisizidishe dakika tano, na harufu ya kuku kutoka jikoni inaniunga mkono.

Ndugu wahitimu, matabibu wetu wapya wa kinywa na meno, sisi watu wa Singida tunajulikana tukicheka. Maji ya visima vyetu vingi yana floraidi ya kupita kiasi, na meno yametubadilika rangi kuwa kahawia. Rangi hiyo isiwateke macho mkasahau ufizi.

Nikiwa bado mgeni kazini, alinijia mama mwenye mimba ya miezi saba. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa pameota kinyama chekundu, laini, kama harage, kikiguswa tu kinatoka damu. Majirani walishamwambia ni saratani, na wengine kwamba amerogwa. Nikamwambia ni granuloma ya payojeniki. Jina lenyewe lina uongo ndani yake, maana linadai usaha, na usaha haumo. Homoni za ujauzito zilikutana na ugaga uliokaa siku nyingi. Nilimsafisha meno, tukasubiri. Alipojifungua, kikanywea.

Nikavimba kichwa. Baadaye akaja kijana mwenye kinyama pale pale, ila chake kilikuwa kigumu, wala hakikuwa chekundu sana. Nikakikata juu juu, nikakitupa kwenye ndoo ya taka, nikaandika jina lile lile. Mwaka haukuisha, kimerudi. Safari hiyo nilikipeleka maabara, na jibu likawa fibroma yenye chembe za mfupa. Hii huota kwenye nyuzi zinazolishikiza jino mfupani, na huwapenda vijana. Ukikifyeka kichwa ukaacha shina, umefanya kazi ya kupogoa. Ilitakiwa nishuke hadi kwenye utando wa mfupa, kisha niondoe ugaga wote.

Mtakutana pia na granuloma ya seli kubwa, yenye rangi ya zambarau, ambayo huweza kula mfupa ulio chini yake. Ndiyo maana nasema pigeni eksirei kabla ya kushika kisu. Lakini saratani ya Kaposi nayo ni ya zambarau, kwa hiyo ulizeni kuhusu kipimo cha VVU, tena kwa staha. Fizi zikivimba mdomo mzima, ulizeni dawa: fenitoini ya kifafa na nifedipini ya presha hufanya hivyo. Mtoto ambaye taya lake linavimba haraka na meno yanalegea, huyo hasubirishwi hata kidogo. Daktari Denis Burkitt alieleza habari za watoto wa namna hiyo kutoka Kampala mwaka 1958, na ugonjwa unaoitwa kwa jina lake bado tunao.

Kila mnachokata kiende maabara, hata kama mna uhakika. Hasa mkiwa na uhakika. Kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, iliyo nyingi mara kumi kuliko nyama. Si maji, si spiriti. Na chupa iwe na mdomo mpana, kwa kuwa nyama ikikakamaa haipiti kwenye shingo nyembamba.

Basi zawadi yangu kwa kila mmoja wenu ni asali ya Singida. Kuleni na wazazi wenu. Chupa nimezichagua mwenyewe, zote zina mdomo mpana. Mkimaliza, zioshwe vizuri.