Kutu Ni Adui wa Mashine Zetu

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Kidichi, Unguja)



Leo sikuja na chaki. Nimekuja na bolti mbili. Hii ya kwanza ni nzima. Hii ya pili imeliwa, hata spana haiishiki. Zote zilitoka kwenye pampu moja. Moja ilipakwa grisi, ya pili haikupakwa. Basi.

Kutu ni nini? Chuma kikikutana na maji na hewa, huanza kuliwa. Chumvi huongeza mbio. Na sisi tuko kisiwani: upepo wa bahari hubeba chumvi mpaka huku mashambani. Dawa ni kuweka kitu kati ya chuma na maji na hewa. Kitu hicho mimi nakiita nguo ya chuma.

Jambo hili si geni kwetu. Hamamu yetu ya hapa Kidichi ilijengwa mwaka 1850, wakati wa Seyyid Said. Kuta zake hazikuachwa mawe matupu, zilitiwa lipu ya chokaa. Mabaharia wetu nao hupaka chombo sifa, na chini hupaka deheni, yaani chokaa na shahamu. Na bati la kuezekea je? Ndani ni chuma, nje limevishwa zinki. Ufundi huo ulipewa hati Ufaransa mwaka 1837, kwa jina la Stanislas Sorel.

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mimi na walimu wenzangu watatu tulichanga tukanunua pampu ya petroli ya kumwagilia mboga. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Masika ilipokaribia niliipaka rangi ya buluu, ikapendeza, nikaiweka bandani. Mvua zilipokwisha, tukavuta kamba. Haivutiki! Fundi akafungua. Pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Na ile rangi niliyoipaka juu ya kutu na vumbi ikabanduka kama ganda la yai. Pesa za matengenezo zilitoka mifukoni mwetu, na msimu wa mboga ukatupita.

Niliivisha mashine nje, ndani nikaiacha uchi. Msifanye kama mimi. Fanyeni hivi:

Kwanza, ndani. Mashine ikikaa muda mrefu bila kazi, mwaga petroli iliyomo kwenye tangi na kabureta, mbali na moto. Zima swichi. Fungua plagi. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi katika tundu la plagi. Vuta kamba polepole mara mbili tatu, oili itapaka ukuta wote wa silinda. Rudisha plagi. Vuta tena polepole mpaka kamba iwe nzito, uiache hapo. Hapo milango ya silinda imefungwa, hewa yenye unyevu haiingii kwa urahisi.

Pili, nje. Sugua kutu yote kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Osha kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Paka rangi ya kuzuia kutu. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili. Usipake siku ya mvua. Ukipaka juu ya kutu, umeificha tu. Itaendelea kula chini kwa chini.

Tatu, bolti na nati zipake grisi. Hizo hufunguliwa mara kwa mara, rangi itazigandisha.

Nne, bomba la moshi halitaki rangi ya kawaida, kwani itaungua. Iko rangi yake ya kustahimili moto, muulize muuza duka.

Lakini si kila kitu hupakwa. Usipake plagi. Usijaze rangi kwenye mapezi ya silinda, yale ndiyo yanayotoa joto. Na jamaa zetu wavuvi wa Mangapwani na Nungwi wenye mashine za boti, sikilizeni. Chini ya mashine pana kipande cha zinki kimefungwa kwa bolti. Kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya mashine. Mwingereza Humphry Davy alionesha njia hiyo mwaka 1824, akilinda shaba ya merikebu. Mtu akikipaka rangi kipande kile, amekifunga mdomo, na bahari itakula mashine yenyewe. Kiacheni wazi. Kikiliwa nusu, wekeni kingine.

Ndugu zangu, oili ya kijiko na grisi ya kiganja si gharama kubwa. Pistoni mpya ni gharama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja aende akatazame chuma kimoja alichonacho: jembe, baiskeli, cherehani au pampu. Aandike katika daftari: kina nguo gani? Imetoboka wapi? Nitamvisha lini? Wiki ijayo tutasomeana.